Mataifa na Usemi: Usawiri wa Wasio Wayahudi katika Agano Jipya

Nafasi ya watu wa Mataifa katika Agano Jipya aghalabu huchunguzwa na wanateolojia, ambao huuliza jinsi walivyoingizwa katika agano lililokuwa la Israeli. Mhakiki wa fasihi ana swali jingine: katika masimulizi hayo, ni nani anayepewa usemi? Makala haya yanadai kwamba kadiri Mataifa wanavyokaribishwa, ndivyo sauti yao inavyofifia.

Katika Marko 7:24-30, mwanamke Msirofoinike asiyetajwa jina anamwombea binti yake mwenye pepo. Yesu anamjibu kwa istiara ya watoto, mkate na mbwa. Mwanamke haikatai istiara hiyo. Anaingia ndani yake na kuigeuza, akionyesha kuwa hata mbwa wana fungu lao chini ya meza. Marko anabainisha kwamba binti anapona kwa sababu ya neno hilo. Mathayo (15:21-28) anamwita mwanamke huyo Mkananayo, jina linalozindua kumbukumbu za vita vya Yoshua, na kinachosifiwa kwake ni imani. Kwa Marko, mgeni ameshinda kwa hoja.

Ufifiaji wa sauti unadhihirika zaidi katika Matendo ya Mitume. Katika sura ya 10, Kornelio anatambulishwa kwa jina, cheo, kikosi na mji wake, Kaisaria, na anayasimulia maono yake kwa kinywa chake (10:30-33). Katika sura ya 11, Petro anapojitetea Yerusalemu, jina limetoweka. Kornelio amebaki kuwa mtu fulani mwenye nyumba, na maneno yake yamegeuzwa usemi wa taarifa. Tukio linapotajwa mara ya tatu, katika sura ya 15, hata mtu huyo hayupo. Amemezwa na jina la jumla, Mataifa. Takriri hii yaweza kusomwa kama mbinu ya kusisitiza. Hata hivyo, kila mrudio unampunguzia mhusika kitu.

Baraza la sura hiyo linathibitisha mkondo huo. Wanaosema ni waumini wa madhehebu ya Mafarisayo, Petro, Barnaba, Paulo na Yakobo. Suala ni la Mataifa, lakini hakuna mtu wa Mataifa ambaye usemi wake umenukuliwa. Wanaandikiwa waraka wenye mambo manne ya kujiepusha nayo. Unaposomwa Antiokia, wanafurahi. Katika Wagalatia 2:1-3, Tito, Mgiriki, anafika Yerusalemu pamoja na Paulo bila kulazimishwa kutahiriwa. Mwili wake unakuwa ushahidi katika hoja ya Paulo, ila yeye mwenyewe hasemi lolote.

Yawezekana kupinga kwamba katika Warumi 11 Paulo anawahutubia Mataifa ana kwa ana. Ni kweli, na istiara yake ya mzeituni mwitu uliopandikizwa katika mzeituni bora ina nguvu, kwa kuwa yeye mwenyewe anakiri kuwa upandikizaji huo unakiuka maumbile. Lakini hata pale tawi linapojibu (11:19), jibu limetungwa na Paulo ili alikosoe.

Suala hili linamgusa msomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 mara nyingi huipatanisha nomino hii na kiambishi cha watu. Sarufi imewapa utu. Matumizi ya makanisani, kwa upande wake, yameelekea kwingine, kwani "watu wa mataifa" huko huwa ni wale wasioamini, walio nje. Msomaji wa Afrika Mashariki asiye Myahudi, ambaye kwa mujibu wa matini ni mmoja wa Mataifa, hujiweka katika nafasi ya Israeli na kulihamishia jina hilo kwa jirani yake. Akilisoma baraza la Yerusalemu kwa mkao huo, husikia sauti ya waamuzi tu, asigundue kwamba waraka ule umeandikiwa yeye. Uhakiki unaozingatia usemi humrudisha miongoni mwa walioandikiwa, na humtaka aulize wangalijibu nini.