Nani Hasa Aliyepiga Picha?

KITENZI 'piga' kina kazi nyingi katika Kiswahili. Tunapiga simu, pasi, deki na hata mswaki, na hakuna anayeumia. Balaa huja kwenye 'kupiga picha'. Mwanafunzi akiandika, "Jana nilipiga picha na gavana," kalamu nyekundu ya mwalimu inashuka: 'nilipigwa'! Hoja ya mwalimu inaeleweka. Mtenda ni aliyeshika kamera. Lakini mitaani watu husema, "Twende studio tukapige picha," na wanaosema hivyo ndio watakaokaa kwenye kiti.

Katika studio moja sokoni Nyakoe, kwenye barabara ya Kisii kwenda Oyugis, nimeona picha inayouweka utata huo wazi. Ni ya mwenye studio mwenyewe. Amesimama mbele ya pazia la buluu, kidevu juu, kamera kifuani. Chini pameandikwa: 'Mpiga picha akipiga picha'.

Sasa tazama vizuri. Lenzi ina kifuniko! Kwa sarufi ya mwalimu, maelezo hayo ni uongo mtupu. Kwa sarufi ya mtaani, ni kweli tupu.

Mimi nasema picha hii imefaulu, na siri yake ni mikono. Mkono wa kushoto umeibeba lenzi kwa chini, kidole cha shahada cha kulia kiko tayari kwenye kitufe. Hata akipiga pozi, mikono haijasahau kazi. Macho nayo yanamkagua mwenzake aliye upande wa pili, ati kama anamuuliza, "Umepima mwanga lakini?" Huyo si mtu aliyekaa tu akapigwa.

Mfikirie pia Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, aliyeuonyesha ulimwengu njaa ya Ethiopia mwaka wa 1984. Mwaka wa 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko jijini Addis Ababa, kisha akarejea kazini na mkono wa bandia. Mtu kama huyo anaposimama na kamera yake mbele ya kamera ya mwingine, 'alipigwa picha' haitoshi. Kauli ya kutendwa inamfanya kitu, ilhali kusimama kwake ni tendo na ni kauli. Kwa hilo, mtaani wako sahihi kuliko darasani.

Ila usahihi huo una gharama. Aliye mbele ya kamera akikimiliki kitenzi, aliye nyuma yake anapotea. Picha ya Nyakoe haitaji jina la aliyebonyeza kitufe. Magazetini nako tunasoma kila siku: 'Picha|Hisani'. Hisani ya nani? Hisani ni wema, na wema una mwenyewe. Anayelishwa na kamera hana mali nyingine sokoni isipokuwa jina lake. Ukilifuta, umemnyima mteja wa kesho.

Kiswahili hakijashindwa hapa. Andika, 'Fulani akiwa na kamera yake. Picha imepigwa na fulani.' Sentensi mbili fupi, watu wawili, kila mmoja na haki yake. Mwalimu naye aipumzishe kalamu nyekundu, kwanza amuulize mwanafunzi: siku hiyo, kamera ilishikwa na nani?