Deheni na sabuni isiyotoa povu

Aliyewahi kufua kwa maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe anaijua kero hii. Unasugua sabuni wee, povu halitoki, na ukimwaga maji beseni linabaki na utando mweupe unaonata kama nta. Maji hayauondoi, lazima uukwangue. Ni chokaa iliyomo majini, imeshikana na mafuta yaliyomo kwenye sabuni. Mfuaji anaulaani utando huo. Fundi wa mashua wa Kilwa na Lindi anautengeneza kwa makusudi, na anauita deheni.

Kazi yake hufuata bamvua. Maji makuu hukipandisha chombo ufukoni, na yakipwa chombo hulala ubavu juu ya magogo. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni kama saa 6, na nyingine 6 yanarudi, kwa hiyo hakuna kupoteza wakati. Chaza na ukoga hukwanguliwa. Makuti makavu huwashwa na mwali ukapitishwa upesi chini ya mbao: unaibabua tu, hauichomi, unyevu utoke na mdudu mtoboaji afe. Mdudu huyo huitwa mnyoo kimakosa. Kwa nasaba ni ndugu wa chaza. Anaingia akiwa mdogo asiyeonekana kwa macho, kwenye tundu kama la sindano, kisha ananenepea ndani. Mbao kwa nje ni nzima, ndani ni chujio. Baada ya moto hufuata kalafati, pamba iliyolowa mafuta ikigongwa kwenye maungio ya mbao. Deheni huja mwisho.

Matayarisho yake yanaweza kufanywa kwenye sufuria ya jikoni. Shahamu ya ng'ombe au mbuzi huyeyushwa, halafu chokaa iliyozimwa na kuchekechwa hutiwa kidogo kidogo huku ikikorogwa mpaka iwe kama uji mzito. Hupakwa kwa kiganja. Nadhani kiganja kinaishinda brashi hapa, kwa sababu joto la mkono huilainisha deheni na vidole huisukuma kwenye nyufa. Kinachotokea ndani ya sufuria ndicho kile cha beseni. Asidi za mafuta hukutana na kalsiamu ya chokaa, inazaliwa sabuni. Sabuni tunayonunua dukani ni ya sodiamu, nayo huyeyuka majini. Ya kalsiamu haiyeyuki. Mtoto wa yule mdudu akitafuta mbao tupu ya kuanzia, anakuta ngozi yenye grisi na ukali wa chokaa.

Chokaa ya pwani hii ilitokana na matumbawe yaliyochomwa kwa kuni, na ndiyo iliyojenga Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na Husuni Kubwa. Ukutani, ikichanganywa na mchanga, hunyonya hewa ya kaboni na kurudi kuwa jiwe. Ikikutana na shahamu hubaki laini. Ulaini huo ndio hoja yangu yote.

Juu ya mstari wa maji hupakwa sifa, mafuta ya maini ya papa. Maini huwekwa chomboni yakaachwa juani yaoze, mafuta yakaelea. Kwa pua ya mgeni, sifa haina sifa yoyote. Lakini Ibn Jubayr, aliyepita bandari ya Aydhab katika Bahari ya Shamu mwaka 1183, aliviona vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi vikipakwa samli, mafuta ya mbarika au ya papa, na akaandika kwamba ya papa ndiyo bora. Sababu aliyoitoa ni kuilainisha mbao, kwa kuwa bahari ile imejaa miamba. Hakutaja kung'aa wala urembo. Chombo kikigonga mwamba, kinyumbuke.

Mchonga upinde anaielewa hoja hiyo haraka kuliko seremala wa makabati. Upinde ukivutwa, mgongo wake hutanuka na tumbo lake hubanwa, mamia ya mara. Ukiupaka ganda gumu, litapasuka pale pale panapopinda zaidi. Unyevu utaingia kwa ufa, utanaswa chini ya ganda, na mbao itaanza kuoza huku juu ingali inameta.

Na tusidhani pwani hii ilikosa ganda gumu. Iliuza. Katika karne ya 19 sandarusi ilichimbwa ardhini sehemu hizi, utomvu wa kale wa miti iliyokufa zamani, ikapitia Unguja hadi Salem, Massachusetts, na Ulaya, ikawa vanishi ya magari ya farasi. Ile changa, isiyokomaa ardhini, iliitwa chakazi, na Waingereza wakaligeuza neno hilo kuwa jackass, yaani punda dume. Sandarusi iliyokomaa haiyeyuki kwenye mafuta mpaka kwanza iyeyushwe peke yake kwa joto la nyuzi 300 hivi, ikitoa moshi unaoweza kulipuka moto, ndipo inaongezwa mafuta ya kitani ya moto na baadaye tapentaini. Si kazi ya jikoni. Tena inataka mafuta yanayokauka. Ya nazi hayakauki kamwe, na ya ufuta, zao kubwa la Lindi, hukauka nusu nusu. Hata wapishi wa vanishi walijua siri ya ulaini: ya kukaa nje iliongezwa mafuta mengi, ya samani za ndani machache.

Deheni ina udhaifu wake. Huisha, na kila baada ya muda chombo lazima kipandishwe tena. Papa nao wamepungua. Ndiyo maana baadhi ya watu hukimbilia oili chafu ya injini, nami sikubaliani nao. Oili hiyo ni ya madini, haina asidi za mafuta, kwa hiyo haiwezi kuwa sabuni na chokaa hata ukiikoroga kutwa. Unapata tope jeusi linalotoka kidogo kidogo na kuingia kwenye maji yale yale ya kuvulia.

Kwa upinde, chokaa haina kazi, maana haulali baharini. Shahamu safi isiyo na chumvi, isuguliwe kwa kiganja mpaka mbao ipate joto, ifutwe, irudiwe kesho yake. Masika yakikaribia, ipakwe tena, hasa kwenye ncha mbili, kwani hapo nyuzi za mti zimekatwa na maji huingia kwanza.