Aliyeahidiwa Akakataa: Pengo katika Utafiti wa Ugaidi Mashariki mwa Uganda

Mtafiti anayetaka kujua kwa nini kijana wa Jinja au Mbale hujiunga na ADF, kundi lililoanzisha vita magharibi mwa Uganda mwaka 1996 na baadaye kujichimbia mashariki mwa Kongo, kwa kawaida huanza na walio rahisi kupatikana, yaani mahabusu na waliorejea chini ya Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000. Hapo huingia kasoro ya uteuzi, ambayo ni kuwachagua wahojiwa kwa kigezo cha tukio lilelile linalotafutiwa sababu: hata wote wakisema hawakuwa na kazi, bado haijulikani ukosefu wa kazi ulichangia nini, kwa kuwa majirani zao wengi wasio na kazi hawakwenda popote.

Dawa ya sehemu ya kasoro hiyo ilipatikana Uganda kwenyewe. Christopher Blattman na Jeannie Annan, walipochunguza mwaka 2005 na 2006 vijana wa Acholi, kaskazini mwa nchi, waliotekwa na waasi wa LRA, hawakutegemea vituo vya kupokea waliorudi. Waliteua kaya, wakaorodhesha waliokuwa wakiishi humo mwaka 1996, kisha wakawafuatilia vijana hao hata walikohamia, wakapata waliotekwa na wasiotekwa wa sehemu zilezile.

Njia hiyo haihamishiki nzimanzima. Huko Acholi utekaji ulikaribia bahati nasibu, na nguvu ya ulinganisho ilitoka hapo. ADF, kama wataalamu wa Umoja wa Mataifa walivyoeleza, huwarubuni wengi kwa ahadi za ajira na masomo, kwa hiyo anayekubali safari huenda alitofautiana na ndugu yake tangu awali. Ulinganisho wenye maana ni kati ya aliyeahidiwa akaenda na aliyeahidiwa akakataa.

Kumpata huyo wa pili ni kazi, kwani tangu masheikh walipouawa kwa risasi Mayuge mwishoni mwa 2014 na Mbale mwaka 2015, mauaji ambayo polisi waliyahusisha na ADF, anayeuliza habari za uandikishaji hudhaniwa mpelelezi. Mbinu ya orodha husaidia kiasi: nusu ya wahojiwa, wakiteuliwa kwa kura, husomewa kauli nne za kawaida, nusu nyingine hizohizo pamoja na ya tano iliyo nyeti, na kila mmoja hutaja idadi tu ya zinazomhusu; tofauti ya wastani kati ya makundi hayo mawili hukadiria ukubwa wa jambo bila kumfichua mtu. Hata hivyo huhitaji wahojiwa wengi, na haimtaji aliyekataa. Huyo atapatikana kwa mahojiano marefu ya Kisoga au Kigisu, si kwa Kiswahili, ambacho masikioni mwa Waganda wengi bado ni lugha ya askari.