Namna ya Kuuhukumu Mfano

Binadamu hupenda kukifanya kidogo kitu kilicho kikubwa. Mlima huutia katika ramani, nyumba huitia katika mchoro, na lori hulitia katika mikono ya mtoto. Mapenzi hayo hayana aibu, wala si mchezo mtupu. Mtu awezaye kukipunguza kitu bila ya kuliharibu umbo lake amekwisha kukitazama kuliko wapita njia elfu. Lakini ikiwa kutengeneza mfano ni kazi, kuuhukumu ni kazi ya pili, na wengi huifanya vibaya. Nakuomba, msomaji, uitazame pamoja nami kazi hiyo ya pili.

Katika vijiji vya Kitui na Makueni vijana hutengeneza malori na mabasi ya waya. Waya hukunjwa ukawa chesi, kichwa na bodi. Mpira wa ndara kuukuu hukatwa ukawa tairi. Na usukani huungwa na fimbo ndefu ifikayo mikononi mwa dereva, ambaye hulifuata gari lake kwa miguu. Mbali na mifano hiyo pana mifano ya plastiki, iuzwayo katika sanduku hali ni vipande. Kampuni ya Airfix ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1939, ilitoa ndege ya Spitfire ya namna hiyo mwaka 1953. Mjenzi huvikata vipande, huvisugua kwa msasa, huviunga kwa gundi, huvipaka rangi, kisha hubandika alama na nambari.

Husemwa mara nyingi kwamba mfano wa plastiki ndio mfano wa kweli, na kwamba gari la waya ni badala yake kwa mtoto asiye na fedha. Wengine, kwa moyo mwema, hulisifu gari la waya kwa sababu tu aliyelitengeneza ni maskini. Hukumu zote mbili ni mbovu. Ya kwanza hudharau bila ya kutazama. Ya pili husifu bila ya kutazama. Sifa itokayo katika huruma haimfundishi fundi neno lolote, kwani haimwambii alipofaulu wala alipokosea.

Basi tuanze na kipimo. Kipimo cha 1:72 maana yake inchi moja ya mfano husimama badala ya futi sita za kitu chenyewe. Mabawa ya Spitfire yalikuwa na upana wa mita 11.2 hivi, katika mfano huwa chini ya sentimita 16. Chukua sasa kitu kilichopita katika nchi ya Makueni yenyewe. Injini za mvuke za daraja la 59, zilizotengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, zilianza kazi mwaka 1955, zikavuta mizigo kupita Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Kazi yao imekwisha zamani, lakini waweza kuziona mbili katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi. Kila moja ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 31 na uzito wa tani 252 hivi. Kwa 1:72 injini hiyo ingekuwa na urefu wa sentimita 44, na njia yake ya reli, ambayo ni mita moja, ingekuwa milimita 14.

Je, uzito wake? Usigawanye tani 252 kwa 72 mara moja. Urefu hupungua mara 72, lakini upana hupungua vilevile, na kimo pia. Gawanya mara tatu, utapata gramu 675 tu. Hapo ndipo siri ya mifano ilipo: umbo hutii kipimo, lakini maumbile hayatii. Chuma cha kushikia chenye unene wa sentimita 3 kingekuwa, kwa 1:72, na unene wa milimita 0.4. Plastiki nyembamba kiasi hicho huvunjika upesi. Kwa hiyo mwenye kiwanda hukinenepesha. Mhakiki mwenye haki hamlaumu kwa unene uliolazimishwa na plastiki. Humlaumu kwa unene uliotokana na uvivu, mathalani mlango uliotiwa mahali si pake, jambo ambalo lingeweza kusahihishwa bila ya kuvunja kitu.

Sasa lirudie gari la waya kwa kanuni hiyo hiyo. Tuseme lori lina urefu wa mita 8, na mfano wake una sentimita 40. Kipimo basi ni 1:20. Gurudumu la mita moja lingepaswa kuwa la sentimita 5. Kijana amelifanya la sentimita 8. Je, amekosea? Ukilitazama gari hilo juu ya meza, amekosea. Lakini halikutengenezwa kwa ajili ya meza. Litapita katika mchanga wa mto mkavu, Tiva upande wa Kitui au Kaiti upande wa Makueni, na mchanga haukupunguzwa mara ishirini. Gurudumu la sentimita 5 lingezama mahali ambapo lori lenyewe lingepita. Fundi ameacha usahihi wa umbo ili apate usahihi wa mwendo. Hilo ni shauri la fundi, na lastahili kuhukumiwa kama shauri.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kila kombo ina udhuru. Gari la waya ambalo magurudumu yake ya mbele hayageuki pamoja, au ambalo bodi yake imeinama upande mmoja kwa sababu kiungo hakikukazwa, ni kazi mbaya, hata kama mwenyewe hana koleo. Vivyo hivyo mfano wa plastiki wenye gundi iliyochuruzika juu ya kioo ni kazi mbaya, hata kama sanduku lake lilinunuliwa kwa fedha nyingi. Na vifaa vya ziada, kama vile alama bora na vipande vyembamba vya shaba, haviuponyi mfano ambao viungo vyake havikusuguliwa. Pambo huzidisha uzuri uliopo, haliwezi kuuumba.

Iko tofauti moja ambayo mhakiki lazima aitaje. Katika mfano wa sanduku, kazi ya kutazama ilifanywa na mchoraji wa kiwanda. Mjenzi husifiwa kwa utulivu wa mkono, kwa rangi, na kwa kusahihisha makosa ya kalibu. Katika gari la waya, mtengenezaji ndiye aliyetazama, akachagua cha kuweka na cha kuacha. Ukiwasifu wote wawili kwa neno moja umemdhulumu mmoja wao.

Kwa hiyo, msomaji, utakapoletewa mfano, uliza kwanza umetengenezwa ufanye nini. Kisha chukua rula, upime. Mwisho tafuta kila mahali ulipokiacha kipimo, uulize kama palikuwa na sababu. Ukipata sababu, itaje. Usipoipata, sema hivyo kwa adabu, mbele ya mwenye kazi, ili mfano wake wa pili uwe bora kuliko wa kwanza.