"Shika kuume" ni nusu ya sheria

Kila mara kamio ikifunga barabara, tunasikia neno moja tu: "Shofeli huyu hana adabu, aende kuume!" Na sisi wenye kusoma ndio tunalisema kwa sauti kubwa kuliko wengine, juu tulishaona ule mchoro wa masomo ya kuendesha: njia tatu, kamio kuume, gari ndogo katikati, mwenye haraka kushoto, anapita kisha anarudi mahali pake. Mchoro ni mzuri. Kwa Boulevard Lumumba ya Kinshasa unafaa. Kwa Thika Road ya Kenya, yenye njia nane, unafaa pia (wenzetu wa kule wanashika kushoto, basi ugeuze). Kamio yenye kutembea polepole ndani ya njia ya wenye haraka, kwa barabara kama zile, haina cha kujitetea. Hapo sibishani na mtu.

Shida ni kwamba tunachukua mchoro ule na kuulaza juu ya barabara zetu za Tshopo, wakati mchoro unadhani kwamba upande wa kuume uko wazi. Kwetu hauko wazi. Uko na mtu.

Tokea asubuhi mapema, angalia barabara ya kutoka Banalia ama ile ya kutoka Bafwasende. Kuume kunapita wenye kusukuma kinga zenye makala, ndizi, mihogo, wanawake wenye vitunga mgongoni, watoto wa masomo. Wakati wa vita, wakati kamio zilikosekana, watu hao wa kinga ndio walilisha Kisangani. Toleka nazo zilibeba watu ndani ya mji miaka mingi kabla pikipiki hazijazisukuma pembeni. Na jina lenyewe, kwa Lingala, ni "tupite". Sasa ukimwambia shofeli wa tani 20 "shika kuume kabisa nipite", unamwambia amtupe huyu wa kinga ndani ya mtaro. Wewe unapita na jeep ya mradi, ukifikiri umesaidiwa na sheria.

Je, sheria inasema hivyo kweli? Mkataba wa Vienna juu ya mwendo wa barabarani ni wa 1968, na inchi yetu, ikingali Zaire, iliuingia 1977. Mwaka uliofuata tukapata Kode yetu ya barabara, Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 agosti 1978. Kushika kuume kumo, ndiyo. Lakini Mkataba ule una sehemu ingine ambayo sijasikia mtu akiitaja kwa honi: kama barabara ni nyembamba ama mbaya, na kuna wenye kuja mbele, mwenye gari nzito ama ya polepole apunguze mwendo na, ikilazimu, ajiweke pembeni mapema awezavyo ili wenye kumfuata wapite. Haimuombi asugue ukingo kilomita nzima. Inamuomba apunguze, atafute pahali, apishe, kisha aendelee. Sisi tumeshika nusu ya kwanza juu inamlaumu mwingine. Nusu ya pili inauliza swali gumu zaidi: pahali pa kujiweka pembeni pako wapi?

Hapa niruhusuni niseme kama mtu wa udongo. Barabara ya udongo mwekundu inajengwa ikiwa imeinuka katikati ili maji yateremke mitaroni. Katikati panakanyagwa kila siku, panakuwa pagumu. Ukingo unabaki laini, unakunywa maji, na Kisangani inapata zaidi ya milimita 1.700 za mvua kwa mwaka. Kamio iliyojaa ikiweka magurudumu ya kuume pale, inainama, inateleza, na mara inalala ubavu na mzigo wote. Shofeli anajua jambo hili kuliko sisi. Kukaa kwake katikati, inje ya mji, mara nyingi si kiburi, ni hesabu. Lakini ndani ya mji, penye gudron, hesabu hiyo haiko tena. Pale ukingo unambeba vizuri, na bado wengine wanakaa katikati kwa mazoea. Hao ndio wa kulaumu, na sioni sababu ya kuwahurumia.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawalifikirii. Barabara ya Taifa namba 4 inatoka kwetu, inapita Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa, Komanda, Beni, mpaka Kasindi kwa mpaka wa Uganda. Ng'ambo ya mpaka ule wanaendesha kushoto. Kule shofeli wa kamio akitaka kukuambia "pita", anawasha klinyotan ya kushoto, upande wa ukingo. Akiwasha ya kuume, anasema "ngoja, kuna gari mbele." Kwetu maana inageuka: ya kuume ndiyo "pita", ya kushoto ndiyo "ngoja". Taa ni ileile, na mtu akiisoma kwa desturi ya upande mwingine anaingia uso kwa uso na kamio inayokuja. Ongeza kwamba gari nyingi za Beni, Butembo na Bunia ziko na usukani kuume. Mwenye kuzishika haoni mbele ya kamio mpaka atoe karibu gari nzima inje. Anategemea konvuayeri aangalie, ama anategemea taa. Kwa hiyo mimi sipiti kwa neno la taa peke yake, na shofeli anayenibeba ninamuomba vilevile.

Wengine watasema shofeli wa kamio hawezi kufundishwa kungoja. Si kweli. Kwa baryeri za mvua wanangoja, wakati mwingine masaa mengi, mpaka udongo ukauke. (Kwamba baryeri fulani zimegeuka pahali pa kutafutia pesa, hilo ni andiko lingine.) Wanaweza kungoja, kama pahali pa kungojea pamepangwa.

Na kupanga si kazi ya shofeli. Kwa vijiji vingi iko komite za matengenezo ya barabara, zile CLER, zinazokata majani, kufungua mitaro na kuziba mashimo kwa jembe na brweti. Wengi wetu humu, hasa wa agronomia, tunaandika ama tutaandika madosie ya barabara za kufikia mashamba. Nimeshasoma kadhaa. Urefu wa barabara umo, idadi ya madaraja imo, tani za mpunga zimo. Pahali pa kupishania hapamo. Kipande cha kutosha kamio moja, kimeshindiliwa changarawe, mtaro umesukumwa nyuma yake, na kibao cha mbao kinachoonekana kabla ya kupanda mlima. Mwenye kuandika dosie mwezi huu, akiweka mustari huo, anitumie nakala.