Shamba la Nani? Hati, Ramani na Mashairi Yetu ya Kumbukumbu

Katika mashairi yanayotungwa visiwani mwetu, ni machache yasiyopata kuligusa shamba la zamani. Babu amekaa barazani, karafuu zimeanikwa juu ya majamvi, harufu imeenea hadi njia kuu. Kisha dunia inageuka na shamba linatutoka. Nami nimelitunga shairi la namna hiyo nilipokuwa kijana. Kibwagizo chake kilikuwa "Shamba letu la zamani". Lilisomwa katika vikao vingi, na wazee wa ukoo wetu walilisikiliza huku wakifuta machozi. Leo nataka kulihakiki shairi hilo hilo, kwani asiyethubutu kulipima shairi lake hana haki ya kuyapima ya wenzake.

Sababu ya kurudi nyuma ni hati. Elimu yangu ni ya chuoni na ya kujisomea, na Kiarabu changu kidogo kimenipatia kazi ya kuwafasiria watu makaratasi ya zamani. Katika kazi hiyo nimekaa siku nyingi Kilimani, katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, nikizisoma hati za mauzo ya mashamba na nyumba. Msomaji wa mashairi ataiona hati hiyo haraka kuwa nayo ina umbo lake. Hutaja muuzaji na mnunuzi kwa nasaba zao, hutaja thamani, kisha huizungushia ardhi mipaka minne: kibla, suheli, matlai na magharibi. Kila upande hutajwa jirani aliyepo. Mipaka ni minne kama mishororo ya tarbia, na ukikosekana mmoja hati ina ila.

Kama shairi, hati nayo ina maneno yasiyosomwa kwa maana ya juu juu. Chukua neno "ameuza". Katika karne ya 19 mashamba mengi yaliuzwa kwa bei ya khiyari: mwenye shamba hupokea fedha, akabaki na haki ya kulikomboa ndani ya muda uliowekwa, na mara nyingi akaendelea kukaa pale pale akilipa kodi. Kwa njia hiyo watu walikopeshana bila ya kuitaja riba. Anayesoma "ameuza" na kudhani kuwa muuzaji alifunga mizigo na kuondoka, amesoma kama yule anayedhani kwamba "ua" katika taarabu ni ua la bustanini.

Siku moja niliikuta hati ya mwaka 1320 wa Hijra, yaani 1902 au 1903, kuhusu shamba la upande wa Mfenesini ambalo kwetu huitwa "letu". Muuzaji hakuwa wa ukoo wetu. Mnunuzi pia hakuwa wetu. Nilikuwa karibu kuirudisha hati nilipofika kwenye mipaka. Upande wa suheli palitajwa kibanda na minazi michache ya mtu mmoja, huru wa fulani. Na jina la mtu huyo ni jina la babu wa babu yangu. Amri ya kukomesha hadhi ya utumwa ilikuwa imetolewa mwaka 1897, enzi ya Sayyid Hamoud bin Mohammed, lakini kalamu ya karani ilikuwa bado inamtambulisha kwa jina la aliyekuwa bwana wake. Babu wa babu yangu hakuwa mwenye shamba. Alikuwa mpaka wa shamba.

Nilipolirudia shairi langu baada ya hapo, ila yake ilinikabili katika neno moja: "letu". Neno hilo sikuwa nimelitafutia shahidi. Nililipokea kwa wazee, nao walikuwa na sababu zao. Ni rahisi zaidi kuwa mjukuu wa mwenye mali aliyenyang'anywa kuliko kuwa mjukuu wa mtu aliyehesabiwa pamoja na mali. Hivyo tukajifunza kulia kwa sauti ya mwingine, na shairi likatusaidia kusahau huku likijiita kumbukumbu. Ila ya pili imefuatana na hiyo: karafuu za shairi langu zinaanikwa, lakini hapana mtu anayezichuma.

Sisemi kwamba hati ndiyo kweli na shairi ndio uongo. Hati nayo inataka mhakiki. Inasema nani aliuza. Haisemi nani alipanda. Kwetu mti na ardhi vyaweza kuwa na wenyewe mbalimbali, na huenda mkono uliopanda ndio uliowafanya wazee waseme "letu" bila ya kukusudia kudanganya. Ramani pia husema kutoka mahali fulani. Ng'ambo ni jina lililotamkwa na aliyesimama upande wa Mji Mkongwe akiitazama ng'ambo ya pili ya hori. Aliyeamkia huko hakuwa ng'ambo ya chochote. Huko nyumba ilikuwa ya mtu na kiwanja cha mwingine, hata mwaka 1928 wakaazi wakagoma kulipa kodi ya ardhi. Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001, *Pastimes and Politics*, aliusimulia mgomo huo pamoja na nyimbo za Siti binti Saad, akaonyesha kuwa daftari la kodi na taarabu vyaweza kuhojiwa katika baraza moja. Huo ni usomaji ambao sisi washairi tungepaswa kuutangulia.

Waandishi wetu wa riwaya walikwisha kutuonyesha njia. Katika *Kasri ya Mwinyi Fuad* (1978), Adam Shafi alimpa nafasi Kijakazi, mtumishi ambaye hati ya shamba lile isingemtaja hata kama mpaka. Lakini riwaya haina wajibu wa kumtaja babu wa mtu. Shairi la ukoo linao, kwa sababu husomwa mbele ya wajukuu nao hulichukua kama ushahidi.

Najua wapo ambao mashamba yalikuwa yao kweli, kwa nasaba na kwa hati, na yakawatoka ardhi ilipotwaliwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964. Huzuni yao siidharau, na hati ndiyo itakayowatetea. Wapo pia waliogawiwa eka tatu tatu katika miaka iliyofuata, nao mashairi yao bado hatujayasikia ya kutosha. Kwa wote hao ushauri wangu ni mmoja. Kabla ya kutunga, waulize wazee majina. Uyapeleke majina kwenye hati. Uichukue ramani mkononi, kisha uende kwa miguu. Mimi nilikwenda na mzee mmoja wa pale. Alinionyesha kisima ambacho hakimo katika ramani yoyote niliyoiona, na makaburi mawili yasiyo na maandishi. Kisima hicho bado kina jina la babu wa babu yangu.

Nimelirekebisha shairi langu. Ubeti mmoja umeongezwa, wa kisima. Katika kibwagizo nimebadili neno moja tu: "Shamba lile la zamani". Mizani ni nane vile vile. Nililisoma mbele ya ukoo mwezi uliopita. Safari hii hakuna aliyelia. Shangazi yangu mkubwa alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza lile jina la kwenye hati lilivyoandikwa. Nikamwandikia, kwa herufi za Kiarabu, naye akaikunja karatasi akaitia katika pindo la kanga yake.