Eldorado: Kuta za Kweli Zilivyoiponza Tamthilia

Jumatatu, Julai 6, 1992, saa 1 jioni, BBC1 ilianza kurusha tamthilia mpya iliyoitwa Eldorado. Mradi mzima ulitajwa kugharimu pauni milioni 10, na takriban milioni 2 kati ya hizo zilikwenda kwenye ujenzi wa mji mdogo wa kuigizia karibu na Coín, mkoani Málaga, kusini mwa Hispania. Hadithi yake ilihusu Waingereza na Wazungu wengine waliohamia pwani yenye jua, katika mji wa kubuni wa Los Barcos. Ilirushwa mara 3 kwa wiki. Julai 9, 1993 ikafungwa, sehemu 156 zikiwa zimeonyeshwa.

Tamthilia nyingi hufa mapema kwa sababu waliozitengeneza hawakuijua kazi. Hapa hali ilikuwa tofauti. Mtayarishaji Julia Smith na mwandishi Tony Holland ndio walioiasisi EastEnders mwaka 1985, tamthilia ambayo siku ya Krismasi ya 1986 ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 30. Kampuni iliyopewa kazi, Cinema Verity, ilikuwa ya Verity Lambert, mtayarishaji wa kwanza wa tamthilia ya Doctor Who. Fedha zilikuwepo, ujuzi ulikuwepo, na saa ya kurushwa ilikuwa ile ambayo familia nyingi zimeshafika nyumbani. Kwa hiyo anayetaka kujua kilichoharibika asianzie kwa watu. Aanzie kwenye namna kazi ilivyopangwa, na hasa uamuzi mmoja: kujenga nyumba za kweli na kurekodi humohumo ndani.

Tuanze na hesabu. Sehemu 3 za nusu saa kila wiki ni dakika 90, urefu wa filamu moja ya sinema. Ukigawa kwa siku 5 za kurekodi, unatakiwa kutoka na dakika 18 zinazofaa kurushwa kila siku, wakati filamu ya sinema huridhika na dakika 2 au 3 kwa siku. Mwendo huo hauwezekani mpaka vikwazo vyote viwe vimeondolewa mapema. Studio ya tamthilia imebuniwa kwa ajili hiyo. Sebule unayoiona kwenye skrini ina kuta 3 za mbao nyepesi. Upande wa nne uko wazi, na hapo ndipo kamera zinaposimama. Dari haipo, kwa hiyo taa zinaning'inia juu na fimbo ya maikrofoni inapita juu ya vichwa vya waigizaji bila kuonekana. Kuta za studio yenyewe zimefunikwa kwa vitu vinavyomeza sauti. Mwigizaji akinong'ona, fundi wa sauti anapata mnong'ono mtupu, na mwongozaji anahamia onyesho linalofuata.

Sasa mchukue mwigizaji huyohuyo umweke kwenye nyumba ya Coín. Kuta ngumu, hazina kitu. Akisema neno, sauti inafika kwenye maikrofoni mara ya kwanza kutoka kinywani, kisha mara ya pili na ya tatu kutoka ukutani, ikiwa imechelewa kidogo tu. Sikio la mtu aliyesimama chumbani linauzoea mwangwi huo na kuusahau. Maikrofoni haisahau. Mtazamaji wa Leeds au Cardiff alisikia watu wanaozungumza kama wako ndani ya tangi la maji, na hakuwa na sababu ya kujua kwamba kosa ni la ukuta. Alichojua ni kwamba waigizaji hawa wanasikika vibaya, na anayesikika vibaya huonekana anaigiza vibaya.

Yeyote anayetengeneza tamthilia Dar es Salaam au Nairobi katika nyumba ya kupanga yenye vigae sakafuni na kuta za saruji anaufahamu ugonjwa huu. Tiba yake inajulikana pia: mazulia, mapazia mazito, mablanketi yaliyotundikwa nyuma ya kamera, maikrofoni ndogo zilizobanwa ndani ya nguo. Sinema huwa na njia nyingine, kurekodi maneno upya baadaye kwenye chumba cha sauti. Lakini kwa anayedaiwa dakika 18 kila siku, njia hiyo imefungwa. Kilichorekodiwa leo ndicho kitakachorushwa.

Ajabu ni kwamba somo hili BBC walikuwa nalo nyumbani, miaka 10 tu nyuma. Kati ya 1981 na 1983 walitengeneza Triangle, tamthilia kuhusu wafanyakazi na abiria wa meli katika Bahari ya Kaskazini. Badala ya kujenga vyumba vya meli studioni, walipanda na kamera zao za video kwenye meli ya kweli iliyokuwa kazini. Bahari ikachafuka, watu wakatapika. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa mwanga. Kamera za video za wakati ule hazikuweza kuona kwa pamoja uso ulio kivulini na dirisha linalowaka mwanga wa mchana. Ukiupima uso, dirisha linageuka doa jeupe. Ukilipima dirisha, uso unakuwa mweusi. Suluhisho likawa kufunga mapazia. Matokeo yake, watu walikwenda hadi katikati ya bahari kwa gharama yote ile, kisha wakarekodi maonyesho mengi ndani ya vyumba vyenye mapazia yaliyofungwa, ambavyo vingeweza kuwa popote. Pale walipotoka nje, bahari iliwaumbua: onyesho linalokumbukwa zaidi ni la Kate O'Mara akiota jua kwenye sitaha siku ambayo ni dhahiri kwamba ni ya baridi kali. Triangle ilipewa misimu 3, sehemu 78, kisha ikazama.

Linganisha na zile zilizodumu. Uwanja wa EastEnders ulijengwa kwenye studio za Elstree, na nyumba zake ni sura za mbele tu. Mwigizaji akifungua mlango na kuingia, kinachofuata ndani kinarekodiwa studioni. Neighbours ya Australia ilitumia mtaa wa kweli, Pin Oak Court katika kitongoji cha Vermont South huko Melbourne, lakini kwa maonyesho ya nje. Jikoni na sebule za Ramsay Street, jina la mtaa huo katika hadithi, zilikuwa studioni, Nunawading. Kanuni iliyo nyuma ya zote mbili ni moja. Nje, mtazamaji anataka kuamini kwamba mahali papo, na picha chache za barabara zinatosha. Ndani, anataka kusikia kila neno na kuona kila jicho, na hilo ni rahisi zaidi kwenye chumba cha uongo.

Waliojenga Los Barcos walivutwa na wazo kwamba ukweli wa mahali utaingia wenyewe kwenye hadithi. Wazo hilohilo linaonekana katika maamuzi mengine mawili, kwa hiyo siyaoni kama makosa yaliyoangukia hapo kwa bahati mbaya.

La kwanza ni lugha. Kwa kuwa pwani ile kweli ina Wajerumani, Waswidi, Wafaransa na Wahispania, tamthilia iliwaweka wote, na mara nyingine ikawaacha wazungumze lugha zao bila maandishi ya tafsiri chini ya skrini. Ni kweli kabisa kwamba ukikaa kwenye baa ya Costa del Sol, pwani ya Málaga, utasikia mazungumzo usiyoyaelewa. Lakini mtu aliye kwenye baa ana kinywaji chake na jua lake. Aliye mbele ya televisheni ana hadithi tu, na dakika anazoshindwa kuifuata ni dakika za kutafuta rimoti. Pamoja na hilo, waigizaji kadhaa walikuwa wachanga katika kazi. Mwigizaji mgeni studioni hulindwa na mazoezi, na marudio yasiyogharimu sana. Kwenye kiwanda cha dakika 18 kwa siku, ndani ya chumba chenye mwangwi, hakuna wa kumlinda.

La pili ni mpangilio wa jamii yenyewe. Tamthilia ya aina hii huendeshwa na watu wasioweza kuepukana. Coronation Street ina baa ya Rovers Return na nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta. EastEnders ina soko, baa ya Queen Vic na duka la kufulia la mtaani ambako mtu atakwenda kufua hata kama hasimu wake ameshakaa mle. Ufukara na ukoo huwafunga hapo. Hawana pa kwenda. Wakazi wa Los Barcos walikuwa watu waliohama kwa hiari kutafuta starehe. Akikorofishana na jirani, mtu wa namna hiyo anaweza kubaki kwenye bwawa lake la kuogelea au kukata tiketi ya ndege arudi kwao. Hilo ni kweli kwa wahamiaji wa pwani ile. Kwa mwandishi wa sehemu 3 kila wiki ni balaa, kwa sababu kila mara lazima atafute sababu mpya ya kuwakutanisha.

Sehemu ya kwanza ilibeba mzigo huo waziwazi. Kivutio chake kikubwa kilikuwa Bunny, mwanamume wa makamo, kurejea mjini na mke mpya wa miaka 17. Ni jambo la kuwashangaza majirani, lakini mtazamaji alikuwa bado hajamjua Bunny, wala hajajua majirani wanashangaa kwa niaba ya nani. Kashfa ina nguvu pale tunapomjua mtu kabla hajaifanya.

Makosa yote haya yanarekebishika endapo kuna muda. Muda ndio uliokosekana. Kipindi cha mazungumzo cha Terry Wogan kwenye BBC1, kilichokuwa kikirushwa saa 1 jioni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tangu 1985, kilimalizika Ijumaa, Julai 3, 1992. Jumatatu iliyofuata nafasi ikachukuliwa na Eldorado. Tarehe ilikuwa imefungwa, na maandalizi yakalazimika kuifuata. Zaidi ya hapo, Julai ndio mwezi ambao jua la Uingereza huchwa karibu saa 3 usiku na watu wako bustanini. Na siku zilezile 3, saa 1:30, chaneli shindani ya ITV ilikuwa na Coronation Street. Mtazamaji aliyejaribu kitu kipya aliweza, dakika hiyohiyo kilipoisha, kubadili chaneli na kukilinganisha na tamthilia iliyokuwa hewani tangu Desemba 1960. Magazeti nayo hayakungoja. Idadi ya watazamaji iliporomoka hadi karibu milioni 3.

Kilichofuata ndicho kinachothibitisha kwamba ugonjwa ulikuwa wa kiufundi zaidi ya ulivyokuwa wa wazo. Julia Smith aliondoka mwaka huohuo, akaja Corinne Hollingworth, ambaye naye alikuwa amepitia EastEnders. Alishughulikia sauti. Akapunguza wahusika ambao hawakuwa wakibeba kitu. Akaweka uzito kwa wachache waliokuwa wakimvuta mtazamaji, hasa Marcus Tandy, mtu wa madili aliyeigizwa na Jesse Birdsall, na uhusiano wake wa kimapenzi na Pilar. Mhalifu mwenye maadui ana sababu ya kukimbia na sababu ya kutafutwa, kwa hiyo kupitia kwake Los Barcos ikapata kile ilichokikosa tangu mwanzo: watu wasioweza kuepukana. Tamthilia ikaanza kusikika, kisha ikaanza kueleweka, na watazamaji wakaanza kurudi.

Machi 1993 Alan Yentob, mkuu mpya wa BBC1, akatangaza kuifuta. Katika sehemu ya mwisho gari la Marcus lililipuliwa kwa bomu, lakini yeye na Pilar wakaondoka salama kwa boti. Ulikuwa mwisho uliosukwa vizuri, kazi ya watu waliokuwa wameshaielewa tamthilia yao.

Je, Yentob alikosea? Neighbours inaweza kutumika kumshtaki. Ilianza Machi 1985 kwenye mtandao wa Seven wa Australia na kufutwa baada ya sehemu 170, idadi isiyopishana sana na ile ya Eldorado. Mtandao wa Ten ukaichukua, ukaifufua mwaka 1986, na ikaja kuwa miongoni mwa tamthilia zilizopendwa zaidi Uingereza kwenyewe, kupitia BBC hiyohiyo. Lakini Neighbours ilikuwa nyepesi kubeba: mtaa mmoja wa kupigia picha na vyumba vya mbao. Kuhamisha chaneli hakukuidai kitu kikubwa. Eldorado ilikuwa imefungwa kwenye mji wa saruji katika nchi nyingine, na kila wiki iliyoendelea iligharimu safari, malazi na matunzo ya mji huo. Kuendelea kungekuwa na maana ikiwa tu watazamaji wangerudi haraka kuliko fedha zilivyokuwa zikitoka. Nyumba zilezile zilizoharibu sauti mwanzoni ndizo zilizofanya subira iwe ghali mwishoni.

Aprili 1994 BBC iliongeza sehemu ya tatu ya EastEnders kila wiki. Nusu saa hiyo ilitoka Elstree, kwenye nyumba zisizo na vyumba nyuma ya milango yake.